Mizunguko Miwili Niliyopunguza

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema, asije mtu akadhani kwamba mwanamke aliyekaa miaka ishirini na ushee akisuka mota kwenye kibanda cha Temeke ana moyo wa chuma. Sina. Kabla sijagusa waya nauchungulia mara tatu, nachomoa plagi, kisha narudi kuhakikisha kwamba niliyoichomoa ndiyo yenyewe. Marehemu mume wangu, aliyenifundisha kazi hii, alikuwa akinicheka, na mafundi wenzake wakanicheka zaidi. Mimi niliwajibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Wawili kati yao leo hii wana vidole pungufu. Vyangu vipo vyote kumi.

Kwa asiyejua, kusuka mota ni hivi: feni ikiungua, au pampu ya kisima, watu wa kwetu hawaitupi. Wananiletea. Naifungua, nakata shaba iliyoungua, nahesabu ilikuwa imezungushwa mara ngapi, halafu naizungushia shaba mpya, napaka vanishi, naianika. Ni kazi ya subira na macho. Nimemsomesha mwanangu kwa kazi hiyo.

Huyo mwanangu ni mmoja tu, binti, na anasomea upimaji wa ardhi. Mwaka wake wa tatu alirudi likizo kutoka hosteli ya Mabibo amekumbatia boksi kama amebeba kichanga. Akalifungua mezani: mota nne ndogo za kujaa kiganjani, mapangaboi membamba meusi, na betri. Alisema anatengeneza droni.

"Ya kufanyia nini?" nikamuuliza.

"Ya kupimia, mama. Unairusha juu ya mtaa, inapiga picha, sie tunachora ramani. Siku hizi mtu haburuzi tena utepe kwenye matope."

Nilizishika zile mota. Nimeshika mota maelfu, lakini hizi zilinishangaza, maana kinachozunguka ni ganda la nje na shaba imetulia ndani. Ubavuni zilikuwa na namba. Nikauliza namba ya nini, naye akafurahi, kwa sababu si kila siku mzazi anauliza. Akaniambia hiyo ni idadi ya mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja. Namba ikiwa kubwa, mota ina mbio na inataka pangaboi dogo. Namba ikiwa ndogo, inakwenda polepole lakini inaweza kusukuma pangaboi kubwa. Hilo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Feni ya darini ina mapanga marefu na inajizungukia taratibu, ya mezani ina mapanga mafupi na inalia kama nyuki.

Kilichonichosha ni namna alivyokuwa akichagua. Alikuwa na daftari zima la hesabu. Anaanza na uzito wa kamera, anaongeza fremu, anatafuta pangaboi la kunyanyua uzito huo mara mbili, anatafuta mota ya pangaboi hilo, anatafuta betri ya kuishibisha mota. Akishaipata betri, uzito wote umebadilika, anafuta, anaanza upya. Betri kubwa inakaa hewani muda mrefu ila ni nzito. Ndogo ni nyepesi ila hujamaliza hata mtaa inaishiwa. Siku tatu alibishana na lile daftari mpaka nikamwambia kuchagua mchumba ni rahisi zaidi.

Betri ndiyo iliyonitia hofu ya kwanza. Ilikuwa laini, bapa, kama pakiti ya maziwa. Mimi betri ninazozijua ni ngumu, zina adabu. Hii mwanangu alisema haitaki kutobolewa, haitaki kuchajiwa kupita kiasi, haitaki kukamuliwa kupita uwezo wake, na ikitendewa lolote kati ya hayo inavimba kisha inawaka, na moto wake wa kufukia na mchanga. Aliyasema hayo huku akila andazi. Mimi nilinyanyuka nikatoa mtungi wa gesi nje. Tangu siku hiyo betri ilichajiwa uani, ndani ya karai lenye mchanga, na mimi nikiwa nimekaa kwenye kigoda naichunga kama niliyebandika maziwa jikoni. Majirani walidhani napika kitu.

Sasa nieleze kwa nini nilivumilia. Kulikuwa na mzee mmoja, mpimaji mwenye ofisi yake Tegeta, mtu wa bara, mpole, aliyekwenda chuoni kwao kuzungumza na wanafunzi. Mwanangu akamfuata akajieleza. Mzee akamwambia: njoo na droni uliyoitengeneza mwenyewe, unipigie mtaa mmoja ninaoupima, ikifanya kazi nakuchukua kwa mafunzo ya vitendo, na ukimaliza chuo tutazungumza mengine. Wenzake walikuwa na wajomba maofisini. Yeye alikuwa na mimi na kibanda changu. Nafasi ile aliitaka mpaka alikuwa akiizungumza usingizini.

Ikabaki wiki moja. Akaijaribu droni kwenye uwazi nyuma ya nyumba. Alikuwa ameniambia nianue nguo zote, nikaanua, isipokuwa kanga moja niliyoona iko mbali na bado mbichi. Droni ilipanda vizuri, ikaelea, nami nimejificha nyuma ya mlango nachungulia kwa jicho moja. Upepo ukaja. Kanga ikapepea, pangaboi moja likaidaka, likajiviringishia, mota ikakwama huku umeme unaingia. Kabla hajazima, tayari ilikuwa inatoa harufu. Ile harufu naijua hata nikiwa nimelala. Shaba imeungua.

Alikaa chini palepale kwenye vumbi. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba mota ya aina hiyo hapa mjini hakuna, ya kuagiza inakuja baada ya mwezi.

"Mota haitupwi," nikamwambia. "Lete."

Nilikuwa na uchungu wa kosa langu la ile kanga, ndiyo maana nilijitia ujasiri. Niliifungua. Ndani ina meno kumi na mawili, na kila jino limezungushiwa nyuzi za shaba nyembamba kama nywele. Nikahesabu jino lililosalimika: mizunguko kumi na miwili. Nyuzi nyembamba kiasi kile sikuwa nazo. Nilikuwa na waya mmoja mnene kidogo. Nikaanza kusuka kwa kibano na miwani mbili, moja juu ya nyingine.

Hapa sina budi kusema siri ya kazi yetu. Mteja anapokuletea pampu, anataka irudi na nguvu kuliko ilivyotoka dukani. Fundi anayetaka kusifiwa anapunguza mizunguko michache. Pampu inarudi na mbio, maji yanaruka, mteja anamwambia jirani yake, "Yule mama ni hatari." Inapata joto kuliko zamani, lakini mteja hajui, na ikiungua baada ya mwaka tunasingizia umeme mdogo. Si mafundi wote wanaofanya hivyo. Mimi nimefanya. Mikono yangu imefanya mara nyingi mpaka haiulizi tena ruhusa.

Basi katika kila jino nilipofika mzunguko wa kumi, nafasi ikawa finyu, waya unabana, na mikono ikaniambia inatosha, itakuwa na nguvu zaidi. Nikaacha kumi. Meno yote kumi na mawili, mizunguko kumi kumi. Nikapaka vanishi.

Tulipoijaribu uani, droni ikaelea kama haijawahi kuumia. Mwanangu akanikumbatia, akapiga kigelegele, akaniita injinia. Aliposhusha nikaigusa mota yangu. Nilirudisha kidole haraka. Zile tatu zilikuwa vuguvugu, yangu ilikuwa inachoma.

Naye akaigusa. Uso ukabadilika. "Mama, mbona hii ina moto hivi?"

Nikamjibu lile jibu ninalowajibu wateja. "Waya mpya lazima upate joto. Utazoea."

Na akakubali, maana katika habari za mota hakuna mtu duniani aliyemwamini kuliko mimi. Akaenda kuoga akiimba. Mimi nikabaki nimesimama na kidole mdomoni, na ile hofu ikaanza, kidogo tu. Nikaiambia inyamaze. Inaelea, sasa unataka nini?

Siku ya Tegeta nilikwenda naye. Nilisema nakwenda kumbebea betri, lakini kweli ni kwamba nisingeweza kukaa kibandani. Mtaa wenyewe ulikuwa wa nyumba mpya, nyingine zimekwisha, nyingine ni mapagale yaliyoota majani. Karibu na pale tuliposimama palikuwa na kisima cha mtu, akina mama wamepanga ndoo, na watoto wa mtaa mzima walikuwa wamekuja kuona. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma. Mzee mpimaji alifika na makaratasi yake na kibali cha kurusha, tukampa shikamoo, akaitikia kwa upole, akainama kuitazama droni.

"Mota hii mbona waya wake rangi tofauti?" akauliza.

"Iliungua, mzee. Hiyo kaisuka mama," akasema mwanangu, na shingo yake ikarefuka kwa fahari. "Kafuata mizunguko ileile, kumi na miwili."

Mzee alinigeukia, akanipa mkono. "Hongera sana, mama. Na ingekuwa pungufu?"

Hilo la mwisho alimuuliza mwanangu, si mimi. Alikuwa anampima. Mwanangu akajibu kama anasoma kitabuni: kwamba ikielea tu huwezi kujua, maana kompyuta ndogo iliyo katikati inaibembeleza mota yenye mbio ilingane na wenzake. Lakini ukiipandisha kwa nguvu, au ikipigana na upepo, ile yenye mizunguko pungufu itavuta umeme kupita kiasi, kidhibiti chake, yaani kile kisahani kinachoipimia umeme, kitaungua, nayo droni itapinduka ianguke.

"Safi," akasema mzee. "Rusha."

Nilitaka kusema, nikaona mkono wangu bado una joto la mkono wa mzee, nikaona shingo ya mwanangu ilivyonyooka, nikasema moyoni labda. Labda haitafika huko. Neno labda limeua watu wengi kwenye umeme, na mimi najua.

Ikapanda. Watoto wakashangilia, wakaanza kukimbia chini yake, popote inapokwenda nao wapo, nyuso juu, midomo wazi. Mmoja alikuwa na kindoo kichwani, hata hakitui. Droni ikapita juu ya kisima, ikapita juu ya akina mama, na nilianza kuisikia. Wengine walisikia mlio mmoja. Mimi nilisikia mlio wa zile mota tatu na mlio wa ile moja yangu, ule mmoja ukipanda kila upepo ulipokuja, ukilia kwa uchungu. Niliwatazama wale watoto nikaona kila kichwa, kila kisogo kilichonyolewa, na juu yao vyuma vinne vyenye visu na betri ile.

Mzee alikuwa amesogea pembeni na karatasi zake. Akapaza sauti, "Ipandishe zaidi, binti, nipate mtaa wote."

Ndipo nikamfikia mwanangu sikioni.

"Ishushe."

"Mama, nini tena?"

"Sikusuka kumi na miwili. Nilisuka kumi."

Hakunitazama. Vidole vyake kwenye rimoti vilikuwa vinapandisha, vikasimama. Hakuishusha palepale, maana chini yake walikuwa watoto. Akaanza kuivuta pembeni polepole, kama mtu anayebeba uji wa moto, kuelekea kwenye pagale lisilo na paa. Mimi nilikuwa naomba dua zote ninazozijua, na nyingine nilizichanganya.

Ilipofika juu ya ukuta wa pagale, mlio wa mota yangu ukakatika. Ikapinduka mara moja, ikaanguka ndani. Kishindo hakikuwa kikubwa. Halafu moshi mweupe, halafu mlio kama mafuta yanayokaanga, halafu moto.

Na watoto wakakimbilia kulekule. Mtoto wa Dar akiona kitu kimeanguka hawezi kusimama. Nilikimbia. Mimi, ambaye sijakimbia tangu nilipozaa, niliwapita wote, nikasimama mlangoni pa pagale nimetanua mikono na miguu, nikipiga kelele ambazo sijui zilikuwa na maneno gani. Yule mwenye kindoo alinigonga tumboni akanimwagia maji yote. Mwanangu akapenya chini ya kwapa langu na karai la mafundi ujenzi lililojaa mchanga, akaufukia ule moto, akarudi kuchota, akaufukia tena, huku anakohoa. Nilisikia kikohozi chake nyuma yangu na sikuweza kugeuka.

Hakuumia mtu. Nalirudia kila siku: hakuumia mtu.

Mzee mpimaji alifika akihema. Alitazama yale majivu na kile kipande cha fremu. "Nini kimetokea?"

Mwanangu alisimama, uso mweusi kwa moshi. Akanitazama mara moja tu. Halafu akasema, "Ni mimi, mzee. Mama alisuka vizuri. Vidhibiti ndivyo nilivyochagua vidogo. Nilikosea hesabu."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Walikuwepo akina mama wa kisimani, walikuwepo watoto, alikuwepo yule mzee aliyenipa mkono na kuniambia hongera. Hofu yangu ya umeme hunikamata mikono. Hii ilinikamata ulimi. Nikaufunga mdomo.

"Pole, binti," akasema mzee, kwa upole uleule, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Umeishusha kwa akili, nimeona. Lakini sisi kazi yetu ni hesabu. Mpimaji akikosea hesabu, ndugu wanagombana miaka kwa sababu ya hatua mbili za ardhi. Kasome kwanza. Tutaonana siku nyingine."

Akapanda gari lake. Sisi tukaokota mabaki, tukarudi Temeke, na njia nzima mwanangu alipakata yale mabaki, wala hakukasirika usoni. Angenitukana ningepumua.

Kesho yake asubuhi nilifunga kibanda, nikaenda Tegeta peke yangu. Nilisimama nje ya ofisi ya yule mzee muda mrefu, mlinzi akaniuliza kama natafuta choo. Nilipoingia sikukaa. Nikamwambia yote: kanga, waya mnene, mizunguko kumi, kidole kilichoungua, lile jibu la wateja. Nikamwambia hesabu za mwanangu zote zilikuwa sawasawa na daftari lake ninaweza kumletea. Nilimaliza.

Mzee alivua miwani akaifuta. Hakunigombeza.

"Mama," akasema, "jioni ile niliporudi nilimpigia kijana mwingine wa chuo kilekile. Ameshakubali, wiki ijayo anaanza. Siwezi kumwambia asije." Akavaa miwani. "Ungesema jana palepale, nisingempigia."

Nikashukuru, sijui nilishukuru nini. Nikarudi nyumbani nikiwa na jambo moja la kuogopa lililobaki, nalo lilikuwa kubwa kuliko betri, na kuliko mzee. Mwanangu nilimkuta uani kwenye kigoda, anazisafisha zile mota tatu zilizonusurika kwa mswaki wa zamani. Nikamweleza nilikotoka. Nikamweleza na lile neno la mzee, la jana palepale, ingawa hakuna aliyenilazimisha.

Aliendelea kupiga mswaki. Alimaliza mota ya kwanza, akaiweka chini juu ya gazeti, akachukua ya pili. Nilibaki nimesimama na mkoba begani nikingoja aseme.

"Tangu asubuhi umekula, mama?" akauliza.

Nikatikisa kichwa. Akaweka mswaki chini, akaenda jikoni kunipakulia.